Tangazo la Wino Mwekundu

Kosa langu la kwanza kubwa kazini lilikuwa kuandika tangazo la chanjo kwa wino mwekundu. La pili, ambalo nililificha kwa muda mrefu zaidi, lilikuwa kuorodhesha majina ya watu wote wa sehemu yangu na kuliacha la kwangu. Nayasema yote mawili hapa mwanzoni, kwa sababu nikiyaweka mwisho nitapata nafasi ya kuyapamba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani katika kiwanda cha kuchambua pamba kando ya barabara ya Tororo, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mpakani Busia. Ilikuwa miaka michache baada ya bendera mpya kupandishwa pande zote mbili, na watu wa upande wa Kenya walikuwa wakivuka asubuhi kuja kazini na kurudi jioni kama mtu anayekatiza uwanja wa jirani yake.

Shule niliiacha darasa la sita. Kuandika barua nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma nakala za zamani zilizojaa kwenye kabati la ofisi. Nilizinakili neno kwa neno hadi vidole vikafa ganzi. Kutokana nazo nikajua kwamba barua nzuri huanza mbali, huinama mara tatu, na husema haja yake ukurasa wa pili. Cheti cha mistari mitatu nilikiandika mara sita. Nikiona herufi moja imeinama kuliko nyingine, nilichana karatasi na kuanza upya, kisha nikaficha vipande mfukoni ili mtu asihesabu nimeharibu karatasi ngapi.

Nilikuwa naogopa. Sijui neno bora zaidi. Meneja alikaa Tororo na kuja kwetu mara mbili kwa wiki. Niliposikia gari lake likipunguza mwendo kwenye kona, nilipanga upya karatasi zote za mezani kabla hajafungua mlango. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Alikuwa akisoma nilichoandika, akizungushia makosa duara kwa penseli, na kunirudishia bila neno. Duara zile niliziota.

Jumatatu moja, msimu wa pamba ukiwa unaelekea ukingoni, dereva wa lori aliniletea cheti cha meneja. "Wachanjaji wa ndui watafika Alhamisi asubuhi. Wataanza na wanawake wanaochagua pamba, na wewe karani wao. Washawishi. Nataka wote."

Ndui ilikuwa imesikika upande wa pili wa mpaka, katika maboma machache mbali kidogo na barabara. Lakini lililonitisha katika cheti kile halikuwa ndui, lilikuwa neno "washawishi". Kuamuru nilijua, kwa maana ya kunakili amri za wengine. Kumshawishi mtu sikujua hata kunaanzia wapi.

Nilikaa mchana kutwa. Kiwandani tulikuwa na Wajapadhola, Wasamia, Wateso na Wajaluo, kwa hiyo matangazo yote yaliandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mtu alikuwa na kipande chake. Mimi nikatafuta Kiswahili ambacho hakuna aliyekuwa nacho. "Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wapendwa, mnaarifiwa kwamba maradhi ya ndui ni adui mkali wa taifa changa lenye kiu ya maendeleo." Niliendelea hivyo mistari kumi na minane. Chini yake nikapanga majina ya wanawake arobaini na mmoja, kwa mpangilio wa alfabeti, kila jina na namba yake. Na ili lisipite bila kuonekana, nikachukua ile chupa ya wino mwekundu niliyotumia kwenye daftari la mahudhurio.

Lilikuwa zuri. Naona haya kulisema, lakini nilirudi nyuma hatua tatu nikalitazama, nikajisikia kama mtu aliyejenga nyumba. Nikalibandika kwenye ubao karibu na mizani dakika chache kabla ya kengele ya kufunga kazi.

Nilikuwa na miezi mitano tu pale. Sikujua kwamba mwisho wa kila msimu, karani aliyenitangulia alibandika kwenye ubao huo huo majina ya vibarua wanaoachishwa, kwa wino mwekundu. Ningeweza kujua. Katika daftari, mimi mwenyewe nilikuwa nikimkata kwa wino huo kila aliyeondoka. Ningeweza pia kumuuliza mnyapara, lakini kuuliza ilikuwa sawa na kukiri kwamba sijui, na hilo nililiogopa kuliko chochote.

Asubuhi ya Jumanne banda la kuchagulia pamba lilikuwa kimya. Kwa kawaida ungesikia sauti za wanawake kabla hujafika kwenye geti, wakicheka huku wakitenga safi na fifi, yaani pamba nyeupe na ile yenye madoa. Siku hiyo nilisikia ndege kwenye paa la mabati.

Mnyapara alikuwa amekaa juu ya gunia. Alikuwa Mjapadhola wa makamo, mwenye mzaha usioisha.

"Karani," akasema, "leo wewe nachagua pamba peke yako?"

"Watu wako wapi, mzee?"

"Mimi ndiyo nauliza wewe. Jana wewe nafukuza watu yote, leo nauliza iko wapi."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wake. Yeye hakucheka. Akanionyesha kwa kidevu kundi dogo lililosimama nje ya banda. Walikuwa kumi na wawili, wale waliokaa karibu. Walikuja kuchukua vikapu vyao.

Mmoja wao, msichana niliyejua kwamba anasoma vizuri, alinijibu kabla sijamaliza kueleza. "Nilitafuta jina langu nikaliona. Kwa nini nisome mengine?"

"Lakini imeandikwa juu kabisa, chanjo ya ndui..."

"Imeandikwa nyekundu. Na sisi wote tumo." Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Wewe haumo. Kama ni chanjo, jina lako liko wapi, karani?"

Watu wa mashine za kuchambulia waliokuwa wakisikiliza wakapiga kelele. "Ee, jibu! Jina lako liko wapi?"

Nikasema karani hajiandiki mwenyewe. Ilikuwa uongo. Jina langu nililiacha kwa sababu naogopa wembe na sindano tangu utotoni, na siku wachanjaji walipokuja shuleni kwetu nilijificha kwenye shamba la muhogo hadi walipoondoka. Mkono wangu haukuwa na kovu. Nilivaa mikono mirefu hata wakati wa joto.

Niliingia ofisini nikafunga mlango. Dereva angepita saa nne akiwa na marobota ya pamba ya kupeleka stesheni Tororo, na ilibidi meneja aarifiwe. Nikaandika barua, na kwa mara ya kwanza maneno yalikuja yenyewe. Niliandika kwamba wafanyakazi, kwa sababu ya ujinga na hofu ya chanjo, wametoroka baada ya kusoma tangazo lililoandikwa kwa uangalifu. Sikufuta hata herufi moja. Ilikuwa barua bora niliyowahi kuandika, na kila sentensi ilinitoa mimi kwenye lawama kidogo zaidi.

Nilikuwa naikunja mnyapara alipoingia bila kubisha.

"Ile mama ya viazi," akasema. "Naye nakwenda. Wenzake nasema jana jioni nafunga mzigo. Nakwenda kwa dada yake."

Niliacha kukunja.

Mama wa viazi tulimwita hivyo kwa sababu kila siku alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya jani la mgomba, na kila siku kimoja kilikuwa changu. Alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, umri kama wa mama yangu, na mgongoni alibeba binti yake wa mwisho, mtoto wa miaka mitatu hivi aliyezoea kulala juu ya rundo la pamba. Aliniita "mwanangu karani". Jumamosi iliyopita, tukila, alikuwa ameniambia kwamba dada yake amejifungua na yuko peke yake, na kwamba katika boma la jirani wa huyo dada kuna watu wawili wenye ndui. "Kama si kazi hii ningekuwa nimeshakwenda kumsaidia," alisema. "Lakini nikiacha siku moja, mnyapara ataweka mtu mwingine mahali pangu."

Kazi ndiyo iliyokuwa imemzuia. Na mimi, kwa mwandiko mzuri, nilikuwa nimemwambia hana kazi.

Niliichana ile barua. Sitaki kujisifu, maana kipande chenye sentensi niliyoipenda nilikibakiza mkononi kwa muda. Kisha nikachukua karatasi nyingine. Dereva alikuwa tayari anapiga honi nje, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuanza mbali wala ya kuinama.

"Bwana Meneja. Nimekosea. Tangazo la chanjo niliandika kwa wino mwekundu na majina, wanawake wakadhani wameachishwa. Ishirini na tisa hawakuja. Mmoja amekwenda na mtoto mahali penye ndui. Waliobaki wanasema mkono wa chanjo huvimba na hawataweza kuinua magunia. Naomba ruhusa niwaambie kwamba atakayechanjwa atafanya kazi ya kukaa kwa siku tatu na hatapoteza ujira. Nataka kuwarudisha kabla ya Alhamisi."

Habari ya mkono kuvimba nilikuwa nimeisikia mara mia bandani na sikuwa nimeiweka katika mistari yangu kumi na minane. Hakuna aliyekuwa akibishana kuhusu taifa changa. Walikuwa wakiuliza nani atawabebea gunia.

Lori liliondoka na cheti changu. Mle ndani mlikuwa na neno "nimekosea", limeandikwa kwa mkono wangu, na sikuweza kulirudisha.

Mchana huo nilitembea hadi mpakani, mahali vijana wa baiskeli walipongojea wateja wakiita "Boda! Boda!" Nilimtafuta mmoja tuliyemzoea kiwandani, kijana wa upande wa Kenya aliyevusha watu na magunia tangu alipoweza kufikia pedali. Nilimpa barua ya kurasa mbili ampelekee Mama wa viazi. Nilikuwa nimeeleza kila kitu, hata asili ya chanjo.

Jioni alirudi kiwandani jasho likimtoka.

"Nimemkuta njiani, bwana karani, na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Nikampa. Akaigeuza hivi, akaigeuza hivi. Akaniuliza, karatasi nyingine tena? Ile ya kwanza haikutosha?"

"Hukumsomea?"

"Nimsomee nini? Mimi najua kusoma namba za baiskeli tu. Akairudisha akaendelea na safari."

Akanipa barua yangu. Ilikuwa na alama ya kidole gumba pembeni, na haikuwa imefunguliwa.

Usiku ule sikulala, na asubuhi ya Jumatano nilifika kazini macho yakiwaka. Lori lilirudi karibu saa sita. Nilichukua cheti cha meneja nikakaa nacho katika choo cha nyuma ya bohari, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeniona nikisoma habari ya kufukuzwa kwangu. Kilikuwa na mistari miwili.

"Siku tatu, sawa. Chupa ya wino mwekundu iweke mezani kwangu nitakapokuja."

Hakikuwa na duara. Nilikitafutia duara mbele na nyuma.

Nilikimbia hadi mpakani na barua nyingine mfukoni, ukurasa mmoja safari hii. Yule kijana hakuipokea hata kidogo.

"Karatasi zako zinatisha watu," alisema. "Niambie maneno. Lakini maneno ambayo naweza kusema huku nakanyaga, bila kushuka. Yakizidi, nitayaangusha njiani."

"Yawe mangapi?"

"Sema tu, nitakwambia yakinizidi."

Nikaanza. "Mwambie kwamba kiwanda kinasikitika sana kwa..."

"Yamenizidi."

Wenzake wakacheka, wakaacha wateja wakaja kusikiliza. Nilisimama pale juani katikati ya watu, nikasema, nikakatwa, nikasema tena. Mara ya tano au ya sita nikapata. Hujafukuzwa. Njoo kesho na mtoto mchanjwe. Mkono ukivimba utakaa siku tatu na ujira wako upo. Akayarudia mara mbili akizungusha pedali kwa nyuma, kuona kama yanakwenda na mguu.

"Haya yanabebeka," akasema. "Amefika wapi sasa?"

"Kwa dada yake."

Akaacha kuzungusha. "Kule? Kule kuna ndui, ndugu yangu."

Nilikuwa nimempa kazi ambayo mimi mwenyewe nisingeifanya kwa lolote. Nikamwambia ukweli huo hivyo hivyo, kwamba mimi naogopa, ndiyo maana namtuma yeye.

Akanitazama kidogo, kisha akapandisha shati begani. Alikuwa na kovu la mviringo, limezama kama alama ya kidole kwenye udongo. "Mimi nilichanjwa nikiwa mdogo," akasema. "Bahati yako. Nitamwonyesha na hili pia." Akapanda baiskeli. Nilimwona akipotea kati ya watu huku midomo yake ikitembea.

Alhamisi wachanjaji walifika mapema, wawili, na meza ya kukunja. Waliiweka kwenye kivuli cha banda la mizani. Wanawake kumi na tisa walikuwa wamerudi, kwa sababu maneno yale mafupi yalikwisha kuzunguka sokoni kwa mdomo wa vijana wa baiskeli. Lakini walisimama mbali na meza, wakikunja khanga mabegani. Mama wa viazi hakuwamo. Saa tatu ikapita. Saa nne. Mchanjaji mmoja aliniambia kwamba wana kazi nyingine Tororo na hawawezi kungoja watu wasiotaka. Nilikwenda kwenye geti, nikarudi, nikaenda tena. Nilianza kuhesabu siku ambazo mtoto yule angekuwa kule.

Karibu saa sita baiskeli ikaingia. Mama wa viazi alikuwa amekaa nyuma upande, mtoto mapajani, na kijana alikuwa anapumua kama mashine.

"Nilikuwa bado sijaingia kwa dada," akaniambia akishuka. "Nililala siku mbili kwa shemeji, njiani. Huyu akanikuta leo asubuhi naondoka." Akaniangalia kwa macho makali. "Nilimuuliza nani amekutuma. Akasema, karani mwenye kuogopa. Nikasema, basi huyo kweli namjua."

Nikamwonyesha meza. Hakusogea.

"Hapana, mwanangu. Wewe kwanza."

Msichana yule anayesoma akaongeza, "Eee. Karani hajiandiki, lakini ana mkono."

Ningependa kuandika kwamba nilikunja shati kwa ujasiri. Nilishindwa kufungua kifungo, mnyapara akanifungulia. Waliona mkono wangu mtupu usio na kovu, na kelele iliyopanda ilisikika hadi barabarani. Niligeuza uso. Mama wa viazi alinishika mkono mwingine, kiganja chake kikavu kwa pamba, na akanisemesha habari za viazi mpaka mchanjaji aliposema, tayari. Nikakaa chini kwenye vumbi.

Kisha Mama wa viazi akamkalisha mtoto wake kwenye kiti. Baada yake yeye. Baada yake wote kumi na tisa, na watu wa mashine kwa makelele yao.

Mkono wangu ulivimba kweli, siku tatu, na homa kidogo. Mnyapara alitangaza bandani, "Karani napewa kazi ya kukaa! Kwani ingine nafanya gani?" Mama wa viazi alingoja wiki mbili, kama wachanjaji walivyomshauri, ndipo akaenda kumwona dada yake. Siku zote alizokuwa huko nilitazama geti kila asubuhi. Alirudi na viazi. Mtoto alikuwa na kovu jipya, na alipenda kulionyesha kwa kila mtu.

Wengine walirejea kidogo kidogo hadi Jumatatu. Wawili hawakurejea. Mmoja nilisikia amepata kazi Kisumu. Wa pili sijawahi kusikia lolote juu yake, na nimeuliza. Jina lake lilikuwa namba ishirini na saba katika orodha yangu, na ndilo nililoliandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote.

Bado mimi ni karani, na bado naogopa. Lakini wino mwekundu upo mezani kwa meneja, na tangu wakati ule sijabandika tangazo lolote kabla ya kumwendea mmoja wa watu linaowahusu, nikamwambia kwa mdomo, nikangoja anirudishie kwa maneno yake.